Matanga ya Kidole cha Mihayo

Ninyi mnaosomea uganga siku hizi mna raha. Picha zenu zina rangi, mishipa ya fahamu ni ya manjano, na kila kitu kimeandikwa jina lake pembeni, kiasi kwamba hata aliyesinzia darasani anaondoka na kitu. Sisi tulikuwa na ubao, kipande cha chaki, na mimi. Najitaja kwa sababu mwalimu wetu alipotaka kuonyesha mfano wa ubongo uliochelewa kuamka, aliniita mbele.

Mkuu wa chuo chenu ameniomba niwaandikie juu ya mfumo wa fahamu, kama mtu aliyeufuata kwa baiskeli katika vijiji vya Tabora mpaka akastaafu. Nimekubali. Mkimaliza kusoma na kujiuliza kwa nini hakumwomba mwingine, mjue nami nilijiuliza.

Mtihani wangu wa kwanza wa somo hili niliuchora kama reli. Sikujitungia, kila mtu Tabora alifundishwa hivyo: ubongo ni stesheni kuu, ugwe mgongo unaopita ndani ya mifupa ya mgongo ni njia kubwa, na mishipa ya fahamu ni matawi, hili la Mwanza, lile la Kigoma. Basi nikakolea. Nikachora stesheni ya Bukene katikati ya mgongo wa binadamu, na ng'ombe wakisubiri kuvuka. Alama nilizopata sitazitaja mbele ya watoto wa watu.

Aliyekuja kuninyoosha ni Sista Zuwena, muuguzi mkuu wa kliniki ya ukoma nilikopangiwa kazi hapa mjini. Alikuwa Mwarabu wa Tabora, wa zile familia zilizouza nguo hapa tangu enzi za misafara, na mdomo wake ungeweza kukata kitambaa bila mkasi. Siku ya kwanza nilijitapa kwake kwa mchoro wangu wa reli.

"Reli ya nini?" akaniuliza. "Treni yetu inachelewa nusu siku. Wewe ukikanyaga mwiba unachelewa nusu siku? Kaa hapo. Fumba macho."

Nikafumba. Akanigusa mkono kwa unyoya wa kuku, akaniambia nionyeshe kwa kidole alipogusa. Nikaonyesha. Akagusa shingo, sikio, kifundo cha mguu, na kila mara kidole changu kilifika.

"Basi umeshasoma," akasema. "Ngozi imehisi, mshipa umebeba habari mpaka kwenye ugwe mgongo, ugwe umeipandisha ubongoni, na ubongo umejua ni wapi. Halafu ubongo umetuma amri kwa mishipa mingine, ikasogeza misuli ya mkono wako. Ipo inayoleta habari na ipo inayopeleka amri. Ukichanganya hizo mbili nakurudisha kwenu Uzaramo."

Mengine nilijifunza kwa kuumia. Kazi ya ubongo mdogo, ule wa kisogoni unaotunza mizani ya mwili, niliielewa siku niliyokaribishwa wanzuki Usoke. Pombe ile ya asali ni tamu na haina haraka. Nilipopanda baiskeli, ubongo mkubwa uliona mtaro vizuri kabisa, ukasema ule ni mtaro, tusiingie. Ubongo mdogo ulikuwa umeshalala. Tukaingia sote. Nilipokuwa chini nikatambua kwamba bado napumua na moyo unadunda bila mimi kuombwa ushauri, na hiyo ni kazi ya shina la ubongo, ambalo namshukuru Mungu halikuwekwa chini ya usimamizi wangu.

Sasa ukoma. Watu walidhani, na wengine mpaka leo wanadhani, kwamba ukoma unakula vidole. Hauli. Kidudu chake kinapenda mishipa ya fahamu, hasa ile iliyo karibu na ngozi, mahali penye ubaridi. Kinaingia humo taratibu, mshipa unavimba, unaharibika, na habari zinaacha kupita. Mtu anashika sufuria ya moto, hajui. Anatembea na msumari ndani ya kiatu, hajui. Vidonda ndivyo vinavyomaliza vidole, na vidonda vinatoka kwa mtu kukosa maumivu. Mimi kazi yangu ilikuwa kupita vijijini kuwatafuta wagonjwa mapema, mshipa ungali unaokoleka. Nilibeba unyoya na pamba, na nilishika viwiko. Ule mshipa unaopita nyuma ya kiwiko, ambao mkijigonga unawapigia umeme mpaka kidole cha mwisho, kwa mgonjwa unavimba kama kamba. Unaushika polepole. Mimi wa kwanza niliushika kama nakamua ng'ombe, na alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Alinizaba kofi kwa mkono wa pili, nikaandika kwamba mkono wa pili ni mzima.

Mmeshasikia kwamba mimi ni Mzaramo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Babu zao walipita kwetu na mizigo ya misafara kwenda pwani, wakagombana na babu zetu, wakapatana, na utani ukabaki mpaka kwetu sisi. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo usikasirike. Anaweza kuchukua kofia yako akaondoka nayo. Ukifiwa, mtani anakuja matangani kulia kilio cha uongo, anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, watu wanacheka katikati ya msiba, na hasogei mlangoni mpaka apewe haki yake. Nilipoletwa Tabora nilidhani nimeletwa kazini. Kumbe nimeletwa kwa watani wangu.

Mtani wangu mkubwa alikuwa Mihayo, mtu wa makamo, wa kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Goweko, kwa yule yule mwenyekiti wa kofi. Walikuwa na shamba la pamoja la tumbaku, na Mihayo ndiye aliyesimamia moto wa mabani, yale majumba ya kukaushia majani. Sifa yake ilivuma. Alikuwa anachota kaa la moto kwa mkono mtupu, analiweka kiganjani, anawapitishia wazee wawashie viko, huku anapiga soga. Alisema ni urithi wa babu yake, aliyekuwa mtunza moto wa msafara. Wageni wakija kukagua maendeleo ya kijiji, walionyeshwa shule, kisima, na Mihayo.

Na mimi je, mtaalamu wa ukoma, niliyefunzwa, niliyekula kiapo, mwenye unyoya mfukoni? Nilimwomba dawa.

Naam. Nilimwomba anigawie ule uganga wa moto. Akanipa mizizi ya kujipaka, nikampa kofia yangu mpya, na nikarudi mjini kwa treni nikitabasamu peke yangu. Asubuhi birika lilikuwa linachemka kwenye jiko la kliniki. Nikamwambia Sista Zuwena atazame. Nikalikumbatia birika kwa kiganja chote.

Hapa acheni kucheka, mwandike. Mkono wangu ulikuwa umeshatoka kwenye birika kabla sijajua kwamba nimeungua. Habari ya moto ilipofika kwenye ugwe mgongo, ugwe haukusubiri ruhusa ya ubongo. Uliamuru misuli palepale, na mkono ukaruka. Maumivu niliyapata mkono ukiwa tayari hewani. Ubongo wangu, kama kawaida yake, ulifika wa mwisho.

Sista alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaanza kunifunga bendeji na kuniuliza mambo ya huyo aliyenipa mizizi.

"Yeye haungui?"

"Hasikii kabisa, Sista."

"Makovu anayo?"

"Anayo mengi. Anasema ni ya tangu utotoni."

"Na vidole vyake?"

"Vizima. Cha mwisho tu kimejikunja kidogo. Anasema kinapumzika."

Akaacha kufunga. Mshipa unaoleta habari ukifa, ngozi inakufa ganzi. Ule wa amri ukidhoofika, misuli inalegea na kidole kinajikunja. Nilikuwa nimeyaandika yote mawili kwenye mtihani, kando ya wale ng'ombe.

"Umeuona ukoma kwa macho yako," akasema Sista Zuwena, "ukauomba na dawa." Kisha akaacha mzaha. "Nenda kamlete. Vidole vyake bado vipo, tukichelewa havitakuwepo. Na usimtangaze. Kijiji wanaishi mlango kwa mlango, wanalima pamoja, wanakula pamoja. Likitoka hili neno, watamtoa bani, kisha watamtoa kijijini, na mkewe pia."

Nikarudi Goweko na bendeji yangu. Nilimvuta Mihayo pembeni, nyuma ya bani, nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba mikono yake ina ugonjwa, ije ipimwe mjini. Alinisikiliza kwa makini mpaka mwisho. Halafu akatoka akiwa amenishika bega.

"Jamani," akawaambia wenzake, "huyu Mzaramo kashika birika, kaungua. Sasa kaja kusema mgonjwa ni mimi."

Walicheka mpaka wengine wakaegemea mabani. Nami nikacheka, ningefanya nini? Kila nililosema lilikuwa utani. Ningelia machozi ya kweli wangesema naigiza vizuri. Jambo moja tu lilinipa nafuu, kwamba kwa sababu walicheka, hakuna aliyeamini, na siri ilibaki salama mbele ya kijiji kizima.

Katika safari zangu baada ya hapo, nilisikia kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto kimekufa ganzi. Nikakibonyeza. Nikakiuma. Hakikujibu vizuri. Vijana wangu, niliogopa. Nilijua dawa ipo, nilijua ugonjwa huu hauambukizi kwa kupeana mkono, nilikuwa nimewahubiria watu hayo mpaka sauti ikakauka, lakini niliweka mkono mfukoni nikamficha hata mke wangu. Nilikula kwa kujitenga. Nilijitazama mgongoni kwa kioo kutafuta mabaka, nikaanguka kutoka kwenye stuli. Sista Zuwena ndiye aliyeniona nikishika kikombe kama mtu anayeshika nge.

Akanipima kimya kimya, kiwiko mpaka kiganja. Kisha akatoka nje kutazama baiskeli yangu. Vishikio vya usukani vilikuwa vimeisha mpira, vimebaki chuma, na mimi nilikuwa naviegemea siku nzima kwenye barabara za mchanga. Nilikuwa naukandamiza ule mshipa pale kiganjani.

"Ugonjwa wako ni uvivu wa kununua mpira," akasema.

Nilifunga vishikio kwa vipande vya tyubu na ganzi ikaisha. Lakini ile hofu niliielewa. Nilijua sasa kwa nini mtu atacheka, atabisha, atafanya lolote ila kufumba macho apimwe. Mihayo hakuwa mjinga. Alikuwa na mengi ya kupoteza kuliko mimi.

Basi nikaacha utaalamu, nikaenda kama mtani.

Nilifika kijijini asubuhi, watu wakijiandaa kwenda shamba. Nilikuwa nimejifunga kaniki kiunoni na nimejipaka majivu kichwani. Nilianza kulia tangu kisimani. "Kidole cha mtani wangu kimekufa, nani atanikunia mgongo?" Watu wakatoka kila nyumba. Nikaenda nimejikunja mgongo, nikikiigiza kile kidole kilivyokuwa kinatembea. Nikafika mlangoni kwa Mihayo, nikakaa kizingitini, nikasema sitoki mpaka nipewe haki yangu ya matanga.

Mihayo alicheka, macho yakamtoka machozi. "Unataka kuku?"

"Kuku kaleni wenyewe. Nataka mkono. Uniachie kwa muda wa kuchemsha chai, ndani, umefumba macho, nimuage marehemu."

Kila mtu alimtazama. Mtani akiisha kukaa mlangoni na kutaja haki yake, humnyimi, utachekwa mpaka uzeeni. Mwenyekiti wangu wa kofi ndiye aliyesema, "Mpe, Mihayo, twende shamba." Wakaondoka wanacheka.

Tukaingia ndani, yeye, mimi na mkewe Kalunde, aliyekuwa anasonga ugali wa mapema. Mihayo akakaa kwenye kigoda, akanipa mkono, akafumba macho huku bado anatabasamu. Nikatoa unyoya.

Niligusa kidole cha mwisho. Niligusa kinachofuata. Nikagusa kiganja, ukingo wa mkono, nikarudi. Nikaacha unyoya, nikachukua ncha ya kalamu, nikabonyeza mpaka ngozi ikabonyea. Kalunde aliacha kusonga.

"Mzaramo," akasema Mihayo, macho amefumba, "mbona bado hujaanza?"

Nikaiondoa kalamu. Aliyejibu ni Kalunde.

"Ameanza zamani, baba Shija," akasema. "Amekugusa mkono mzima." Kisha akakaa chini kwenye mkeka. "Ule mwezi panya alipokutafuna kidole ukiwa usingizini, hukuamka. Nikajiambia ni uchovu wa bani. Nilijiambia hivyo kila siku."

Mihayo alifumbua macho. Aliutazama mkono wake, kisha kalamu, kisha mimi na majivu yangu kichwani. Tabasamu liliondoka polepole.

"Kwa hiyo babu hakuniachia kitu," akasema.

Hilo ndilo lililomuuma kwanza, si ugonjwa. Nikamwambia ukweli wote, kwamba dawa ipo, kwamba mshipa bado una uhai, kwamba watoto wake wako salama akianza kumeza vidonge sasa. Akauliza swali moja tu: watu watajua? Nikamwambia watu wamekwisha kujua, wamejua kwamba Mzaramo ni mwendawazimu, na hiyo inatutosha.

Tukatangaza kwamba Mihayo ameshindwa matangani na anakwenda mjini kunilimia kama malipo ya utani. Wakamsindikiza stesheni kwa vicheko. Mjini akalazwa, akapewa dapsoni, dawa ya kuua kile kidudu, daktari akampa na vidonge vya kutuliza uvimbe wa mshipa. Sista Zuwena akamfunga banzi mkononi na kumfundisha kutazama kila anachokishika, maana macho ndiyo yaliyobaki kuwa ngozi yake. Aliporudi kijijini akakaa mbali na makaa. Waliomuuliza walijibiwa kwamba mtani wake amemnyang'anya uganga wa moto.

Hapo ndipo nilipolipa mimi. Kila nilipofika Goweko, niliitiwa kaa la moto. "Mzaramo, tuwashie." Leo nina mafua, kesho nimefunga, siku nyingine uganga haufanyi kazi Jumanne. Walinicheka msimu baada ya msimu. Mwenyekiti aliniita Bwana Birika na jina likanifuata mpaka Nzega, na hadi nastaafu wapo walionifahamu kwa jina hilo tu. Sikumweleza mtu.

Mihayo alimeza dawa zake. Msiwaze kwamba mshipa ukiharibika unarudi wote, mara nyingi haurudi, na hii ndiyo sababu nawasumbua muwahi. Siku hizi mna dawa za mchanganyiko, zinatolewa bure, na bado wapo watakaofika kwenu wamechelewa kwa sababu ya hofu ile niliyoificha mfukoni.

Asubuhi moja nilikuwa kliniki na Sista Zuwena. Mihayo akaingia bila kubisha hodi, vumbi la stesheni miguuni, amenyoosha mkono mbele kama amebeba yai. Kwenye kiganja palikuwa na lengelenge jipya.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba. Umefanya nini hapo?"

"Kaa la moto lilirukia bani. Nikalidaka bila kufikiri, mazoea." Akausogeza mkono karibu zaidi. "Sista, iliuma. Nilipiga ukelele, kijiji kizima wakatoka. Inauma hata sasa."

Sista Zuwena aliyetutukana sote maisha yetu yote alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Hongera, baba," akasema, na akageuka haraka kutafuta dawa ya kidonda kwenye kabati ambalo halikuwa na dawa ya kidonda.

Mihayo akakaa kwenye benchi. Akanigeukia, akafumba macho mwenyewe bila kuombwa.

"Mzaramo, toa unyoya wako."

Nikagusa kiganja. "Hapo," akasema. Nikagusa kidole gumba. "Hapo." Cha pili. "Hapo, kwa mbali." Nikafika kile cha mwisho, kilichojikunja, nikagusa, nikagusa tena. Kidole hakikujibu, lakini hesabu ya vidole aliijua. Kisha, macho yakiwa bado yamefumbwa, akaanza kutabasamu.

"Mbona bado hujaanza?" akaniuliza, akacheka kabla yangu.